Dada Damari, Mto Haujafungwa

Dada Damari,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini siwezi kuanza na wewe bila shikamoo, ungeninunia mpaka jioni. Nimekaa barazani kwangu hapa Magomeni, cherehani nimeifunika, redio nimeizima, na hasira ninayo. Nakuandikia nikiwa nayo hivyohivyo, kwa sababu nikingoja ipoe nitakuandikia maneno ya salamu za rambirambi, na ya namna hiyo umeshasomewa ya kutosha.

Wanasema mto umekuua. Nianze na hilo maana ndilo linalonikereketa. Sokoni wanasema, mashineni kwenye foleni ya kusaga wanasema, juzi mteja kaniletea sketi ya kupunguza kiuno akanisimulia kifo chako kana kwamba simjui marehemu. Eti yule mama aliyekuwa anawaogesha wanawake wenzake mtoni Mkondoa, maji yamemchukua. Umefia kitandani, Dada. Umefia Mikumi, kwenye shuka safi, Yunisi binti yako kakushika mkono, na daktari akatueleza kwa Kiswahili cha kueleweka kwamba moyo wako ulikuwa umetanuka miaka mingi kabla hujatufahamu sisi. Mteja wangu nilimwambia hivyo. Akaniangalia kwa huruma, akachukua sketi yake akaenda kwa fundi mwingine. Na aende.

Sasa nitaandika yote, hata yale unayoyajua kuliko mimi, kwa sababu nataka yaandikwe na mtu aliyekuwepo.

Unajua mto huu nilikuwa nao vibaya. Mwaka ule wa mafuriko maji yaliingia nyumbani alfajiri, tukatoka mbio, mimi na mdogo wangu Mwajuma, tukafika juu kwenye tuta la reli tukiwa hai wote wawili. Halafu Mwajuma akarudi. Alirudi kuchukua cherehani, kwa sababu ndiyo iliyokuwa inatulisha. Cherehani tuliikuta kwenye matope hatua chache kutoka mlangoni. Yeye tulimpata chini kabisa, karibu na mashamba. Cherehani hiyo ndiyo ninayoshonea hadi leo, na tangu siku ile nikawa nachota maji bombani na mto nikaupa mgongo. Hata daraja nilivuka nikiangalia mbele tu.

Ndipo ukaja wewe na vitambaa vyako. Mumeo mfanyakazi wa reli alikuwa amekwisha kufariki, umerudi kutoka Tanga na masanduku na sauti yako ya kuamrisha. Ukasema unataka nguo ya kuogelea. Nikakuuliza bahari iko wapi hapa Kilosa. Ukasema kule Tanga kila Jumamosi mliingia baharini wanawake wa mtaa mzima, wajane, wenye waume, wenye waume wabaya, na kwamba tangu urudi huku mifupa yako inakuuma kwa kukosa maji na kukosa watu. Ukasema bahari huna, mto unao, na huo utatosha. Nikakusimulia habari za Mwajuma ili uniache. Hukunipa pole. Ulizungusha gurudumu la cherehani yangu kwa kidole, ukasema, "Zuhura, mto hauhami. Wewe utahama?"

Nilikuchukia siku hiyo. Nilikuchukia vizuri kabisa, na mkono mmoja wa nguo yako nikaushona nje ndani. Lakini usiku niliwaza nitahamia wapi, na sikupata jibu, basi Jumamosi nikakufuata mtoni.

Unakumbuka ile nguo ya kwanza? Kitenge chepesi, pana, ndefu, ya heshima. Ulipoingia tu kwenye maji ikajaa hewa ikapanda ikakufunika uso, na heshima yote tuliyoishona ikabaki juu ya kichwa chako. Mama Kulwa, mwenzetu, alicheka mpaka akakaa chini. Nikarudi kwenye cherehani nikatia mpira magotini na mpira kiunoni, kitambaa kizito kisichoonyesha mwili, na toka hapo nikawashonea wanawake wote waliokufuata. Fundi mzima wa suti za harusi nimekuwa fundi wa nguo za mtoni, na nilijivuna.

Watu wanaotusema hawajui jinsi ulivyokuwa mkali. Wanadhani tulikuwa tunajitupa tu. Hawajui kwamba tuliingia pale nyuma ya mkonge wa zamani tu, mahali mto unapopiga kona na maji yanatulia, kamba ikiwa imefungwa kwenye mkuyu na mmoja wetu amebaki ukingoni akiangalia rangi ya maji. Yakibadilika kidogo tu kuwa mekundu, tunatoka, hakuna kuuliza, maana mvua imenyesha huko juu milimani. Masika yote hatukugusa mto. Ulitukusanya hapa hapa barazani ukatulaza kifudifudi juu ya benchi, mmoja mmoja, tukipiga miguu hewani, na wapita njia wakidhani tumepagawa. "Goti likikunjwa namna hiyo unapanda ngazi, huogelei," ulikuwa unanipiga kwenye kisigino na futi yangu ya kupimia.

Na ile sheria yako ya salamu. Shikamoo zote ziishie ukingoni. Tulikuwa tunapanga mstari kama watoto wa shule, wadogo wanawaamkia wakubwa, marahaba zinatembea, habari za nyumbani, za watoto, za mifugo kwa Naserian, kila kitu mpaka kiishe. Tukishalowa, hakuna mkubwa. Ulisema mtu anayekunywa maji hana nafasi ya kutafuta cheo cha mtu wa kumwita.

Naserian nimtaje kidogo. Ndugu zangu wa Masanze na wafugaji wameshafikishana mbali, unajua, ng'ombe wameingia kwenye mahindi, watu wamepigana, kesi hazina mwisho. Yeye alikuwa mke wa mfugaji anayepita na maziwa asubuhi, mimi dada wa wenye mahindi. Tungesalimiana barabarani kwa kidevu tu. Wewe ukampa mkono wangu, ukaniwekea mkono wake, ukasema mvushane. Siwezi kumwachia mtu mkono katikati ya maji kwa sababu ya mahindi. Nilipomweleza kaka yangu hivyo akasema nimerogwa. Labda. Mwaka jana mahindi yalipoliwa tena, Naserian ndiye aliyekuja mwenyewe kwa kaka kabla ya mgambo, akakaa, wakaongea.

Na mimi ndimo humo majini nilimosema kwamba mume wangu, Baba Shabani, hajasafiri kikazi. Mtaa mzima nilikuwa nimewaambia yuko Mikumi kwenye hoteli, kazi ni nyingi, likizo hapati. Yuko Mikumi kweli, ana mke mwingine na mtoto. Nililisema nikiwa nimeelea chali, masikio yangu ndani ya maji, siwaoni nyuso zenu. Hakuna aliyenihurumia kwa sauti. Mama Kulwa alisema, "Basi mwache huko huko, huku nafasi ya kulala imepatikana," na wewe ukaniambia nivute pumzi, nimeanza kuzama upande wa kushoto. Sijawahi kupewa pole iliyonifaa kuliko hiyo.

Sasa nikueleze mazishi yako, kwa kuwa ulikuwa umelala.

Tulikupokea hapa ulipopitishwa kutoka Mikumi, tukapanda gari la nyuma, tukaenda mpaka Mamboya. Kulikuwa na watu mpaka kwenye migomba. Waliimba vizuri, Dada, zile sauti nne za huko kwenu za misheni, mimi Mwislamu nililia kwa nyimbo nisizozijua. Kisha akasimama shemeji yako, Mzee Eliasi, kutoa neno la ukoo. Akashukuru waliokuja, akashukuru madaktari. Halafu akageukia upande wetu tuliokaa kwenye mkeka. Akasema, kwa niaba ya ukoo, ule mchezo wa mtoni umekwisha kuanzia leo. Mama mmoja amekwenda, hatapoteza mwingine. Ameshaongea na mwenyekiti wa mtaa wetu, na wenye waume ameshaongea na waume zao.

Nilitaka kusimama. Sikusimama. Mgeni hasimami msibani kwa watu akamjibu mfiwa, na tena mzee, na tena mbele ya jeneza. Tuliinamisha vichwa wote. Nilimwona Yunisi, binti yako, anatikisa kichwa kukubali, na hilo liliniuma kuliko maneno ya mzee, kwa sababu siku tuliyokuja kukuona wodini alikuwa ametuambia mlangoni, bila kupandisha sauti, "Mngemwacha mama yangu apumzike." Nikajua mtoto wako naye anaamini sisi ndio tuliokuchosha.

Jeneza likanyanyuliwa. Nikatazama pembeni, Mama Kulwa hayupo.

Wewe unakumbuka yule ni Mnyamwezi wa Tabora, na ninyi Wakaguru ni watani wake wa tangu enzi za misafara. Wengine wetu tulikuwa tumesahau, kwa sababu majini hakuna kabila. Yeye hakusahau. Njia ya kwenda kaburini inapopinda pale kwenye jiwe kubwa, alikuwa amelala katikati ya njia, kifudifudi, amevaa nguo yako ya mtoni juu ya gauni lake, na kichwani mfuko wa nailoni ameufunga kama ile kofia yako. Na anaogelea. Katika vumbi, Dada. Mikono inazunguka, miguu inapiga, anageuza uso pembeni kuvuta pumzi, anapuliza, vumbi linaruka. Goti lake limenyooka kama ulivyomfundisha.

Waliobeba wakasimama. Lazima wasimame, mtani akilala njiani maiti haipiti mpaka apewe anachotaka, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Watu wakaanza kucheka. Kwanza wale vijana waliobeba, halafu akina mama wa kwaya, halafu nikasikia kicheko changu mwenyewe kinatoka na kamasi. Mchungaji aliangalia ndani ya kitabu chake kwa muda mrefu, mabega yanatetemeka.

Wakamrushia sarafu. Akaendelea kuogelea juu yake. Wakamwongezea. Akainua kichwa akasema, "Hela zenu wekeni. Huyu maiti wenu alikuwa ananifundisha, hajamaliza. Nataka aamke amalizie. Kama hawezi, huyu mzee aseme wenzake watanimalizia."

Jua lilikuwa kali, wabebaji jasho linawatiririka, na upande wa pili wa mlima wingu lilikuwa limeanza kujikusanya. Mzee Eliasi akasema haya, mtaogelea, mtoke njiani. Mama Kulwa akauliza wapi. Akasema mtoni. Akauliza nani atawazuia. Mzee akatazama wingu, akatazama jeneza, akasema, "Hakuna. Hakuna atakayewazuia. Nyanyuka, mtani wangu, tumzike dada yetu."

Akanyanyuka, akajipangusa. Kisha akashika mpini wa jeneza akalia kuliko sisi wote.

Nilifikiri imekwisha. Haikwisha. Matanga yalipokwisha Mzee akaja hapa Kilosa kuangalia nyumba yako, na kwa mwenyekiti akaeleza kwamba yale ya Mamboya yalikuwa utani tu wa msibani, neno lake ni lile la kwanza. Jumamosi iliyofuata tulikuwa watatu ukingoni. Mimi, Mama Kulwa, Naserian. Wengine wametuma salamu, mmoja anaumwa mgongo, mwingine ana wageni, hao wengine hata uongo hawakuhangaika kuutunga. Hatukuingia. Tulikaa na kanga zetu tumejifunika mabega, tukiangalia maji yanavyokwenda, na nikafikiri, hivi ndivyo kitu kinavyokufa, bila hata mtu kukipiga.

Hapo ndipo nilipokasirika, na sijapoa bado.

Tulikwenda kwenye nyumba yako, tukamkuta anahesabu mabati yaliyotoboka. Tukamwamkia vizuri, Mama Kulwa akapiga goti kabisa. Marahaba wanangu, karibuni. Tukakaa kwenye viti vyako. Mama Kulwa akasema, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, kwamba amekuja kumchukua mzee waende Mamboya. Mzee akauliza kuna nini. Akasema, "Nasikia neno ulilonipa lilikuwa mzaha. Basi na mimi nilikupisha kwa mzaha, na maiti ilipita bila kulipiwa. Twende tukamfukue tumrudishe pale kwenye jiwe, unilipe kweli, ndipo apite."

Mzee Eliasi akatukaribisha chai. Alitegemea nini? Alimlipa mtani kwa neno kwa sababu neno lilikuwa la karibu kuliko kitu kingine, hakufikiri kwamba huyo mtani ana mahali pa kulipeleka. Angetoa kuku tu, angekuwa salama leo. Yeye ni mtu wa kanisa, lakini ni Mkaguru kwanza, na maiti ya shemeji yake kulala njiani haijalipiwa, hilo hakuliweza. Hata chai yake hakuigusa. Kisha akasema jambo ambalo sikulitaka. Alisema, "Mimi naogopa tu. Ninyi hamjui navyoogopa maji haya." Akasema kaka yake wa kwanza, yule mkubwa, alichukuliwa akiwa anavusha mbuzi, na yeye alikuwa ukingoni ameshika kamba.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mpaka kufa, Dada. Angebaki mbaya ingekuwa rahisi kwangu. Nikamwambia mimi pia nilikuwa kwenye tuta la reli. Alivaa viatu akaenda mwenyewe kwa mwenyekiti, nasi tukimfuata nyuma, akasema mbele yetu kwamba mto haujafungwa. Akaongeza kwamba Wanyamwezi wana matatizo. Mama Kulwa akasema ahsante.

Wamerudi, Dada. Hawakurudi wote, na waliorudi wengine wanaaga nyumbani kwamba wanakwenda kufua. Mume wa yule jirani yako kamfuata mpaka kwenye mkonge amrudishe, tukamwambia asubiri zamu yake ya kuangalia rangi ya maji kwa kuwa amekuja, na akasubiri, sijui kwa nini. Waliokuja wapya wako zaidi ya walioondoka. Mji unaosema mto umekuua umetuletea wanawake waliokuja kuangalia tu mahali ulipofia, tukawaeleza hukufia hapa, wakaona tulivyo, wakaniuliza nashona kwa bei gani. Kamba nimeinunua mpya. Kwenye benchi napiga visigino vyao na futi yangu na nasikia sauti yangu inakuwa kama yako, na sijali.

Kuna siku nakasirika na wewe pia. Ulijua moyo umekuwa mkubwa. Daktari alikuwa amekuambia. Ulikuwa unatuuliza habari zetu zote, mpaka za tumbo la uzazi, na za kwako ukazificha chini ya hicho kicheko. Ulitushika sisi wote, wewe hukujishikiza kwa mtu. Hilo sijakusamehe bado. Nitakusamehe, lakini kwa wakati wangu.

Jumamosi iliyopita Yunisi alikuja.

Alitoka Mikumi kwa gari la asubuhi, akaja moja kwa moja mpaka ukingoni na viatu vyake vya kanisani, mkoba mkononi, uso umekaza. Tulikuwa bado kwenye salamu. Akatuamkia mmoja mmoja, umemlea vizuri, hata hasira haikumsahaulisha shikamoo. Kisha akasema amekuja kuona. Alitaka kuona kitu gani kilichokuwa humu ambacho mama yake alikihitaji kuliko kukaa naye Mikumi apumzike. Alisema, "Nilimwandalia chumba. Nilimwekea feni. Akakaa wiki, akaniambia Jumamosi imefika anarudi."

Nikasema tu ukweli, kwamba sijui kama ulituhitaji kuliko yeye. Ninajua sisi tulikuhitaji, na ulikuwa huwezi kukataa kuhitajiwa, na pengine hapo ndipo tulipokuchosha kweli. Nilimwambia kama anataka kutulaumu kwa hilo, na atulaumu, tumekaa. Lakini mto asiuseme. Mto ulikubeba. Sisi ndio tuliokuwa wazito.

Naserian akamshika mkoba, tu, kama mtu anavyompokea mgeni mzigo, akauweka kwenye kivuli. Yunisi akavua viatu. Hakuomba nguo, hakusema anaingia. Aliingia na gauni lake la kijani, maji yakafika magotini, kiunoni, akasimama hapo anatetemeka na jua lote lile. Nikamfuata. Akasema hajui. Nikasema najua hujui. Nikamwekea mkono mmoja chini ya mgongo na mwingine chini ya kisogo, nikamwambia alale, na alipolala alianza kulia, kulia kwa kwikwi, mwili wote unaruka, maji yanamwingia masikioni. Sikumnyamazisha. Nilimwambia avute pumzi kati ya kilio na kilio, asije akazama.

Basi, Dada Damari, nenda. Mimi nitakuwa na hasira bado siku nyingi, na Mamboya nitakuja kwenye arobaini na hasira hiyohiyo na kilo mbili za sukari. Binti yako anarudi Jumamosi ijayo, kasema mwenyewe. Ana kisogo kizito kama chako, na shingo hailegezi. Nimemshika, na simwachii mpaka aelee mwenyewe.

Mdogo wako,
Zuhura fundi